Jasho la Wengi, Hati ya Nani?

Maoni kuhusu viwanja vya michezo, fedha za umma na timu zinazohamishwa



Huenda baadhi yenu mkashangaa kuona kijarida cha Haki na Amani kikizungumzia mpira. Mmezoea kusoma humu habari za migogoro ya ardhi kati ya wakulima na wafugaji, habari za bei ya mpunga, na za haki za wajane na yatima. Mpira, mtasema, ni burudani ya vijana; padre anatafuta nini huko? Jibu langu ni kwamba popote fedha za wananchi zinapotumika, na popote mali iliyotokana na jasho la wengi inapobadili mikono, pana suala la haki. Na katika nchi yetu ni mambo machache yanayokusanya fedha, jasho na mapenzi ya watu kwa pamoja kama mpira wa miguu. Mwenye shaka na apite Mchombe jioni ya siku ya mechi ya Simba na Yanga.

Zaidi ya hayo, wakati umetulazimisha kulitazama jambo hili. Tarehe 27 Septemba 2023 Shirikisho la Soka la Afrika lilizipa Tanzania, Kenya na Uganda heshima ya kuandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Tangu siku ile, katika nchi zote tatu, zimetolewa fedha nyingi za umma kujenga viwanja vipya na kukarabati vya zamani. Tumefurahi, na tuna haki ya kufurahi. Lakini furaha isituzuie kuuliza maswali ambayo mwenye nyumba yeyote mwenye busara huuliza kabla ya kujenga: Nani anatoa? Nani atamiliki? Nani atatunza? Na wageni wakishaondoka, nani atafaidika?

1. Viwanja vya michango

Tuanze na historia yetu wenyewe, maana mtu asiyejua alikojikwaa hawezi kujua alikoangukia.

Wazee wetu wanakumbuka zama za chama kimoja. Kuanzia 1965 Katiba ilitambua chama kimoja tu Tanzania Bara, na baada ya TANU na ASP kuungana tarehe 5 Februari 1977 kikawa Chama cha Mapinduzi. Katika miaka ile mkoa karibu wote ulikuwa na shauku ya kuwa na uwanja wake. Wananchi walihamasishwa, wakachanga fedha, wakatoa nguvu zao. Aliyechanga hakuulizwa kama ana kadi ya chama. Hakuulizwa dini yake wala kabila lake. Aliambiwa kwamba uwanja ni wetu sote, naye akaamini, kwa sababu wakati ule ilikuwa vigumu kuona mahali chama kinapoishia na serikali inapoanzia.

Mwaka 1992 mfumo wa vyama vingi ulirudishwa. Ghafla chama na serikali vikawa vitu viwili, na swali ambalo halikuwa limeulizwa likaja mlangoni: viwanja hivi ni vya nani? Tunajua jibu lililotolewa na historia. Uwanja wa Kirumba kule Mwanza, Sokoine mjini Mbeya, Sheikh Amri Abeid mjini Arusha, Mkwakwani Tanga, Majimaji Songea, na hata Jamhuri hapa kwetu Morogoro, vyote vilibaki mali ya CCM. Tangu hapo vyama vya upinzani vimedai mara nyingi kwamba mali hizo zirudishwe kwa umma. Wa upande wa pili wamejibu kwamba chama ndicho kilichohamasisha na kusimamia ujenzi, na kwamba mwenye hati ndiye mwenye mali.

Tume yetu haina chama, wala mimi sina. Siandiki haya ili kumfurahisha huyu au kumwudhi yule. Chama kingine chochote kingekuwa mahali pale 1992, huenda kingefanya vivyo hivyo. Ninachotaka mwone ni namna jambo lenyewe lilivyotokea. Hakuna aliyekuja usiku kuiba uwanja. Wananchi walichanga bila kuuliza hati itaandikwa jina la nani, na siku mambo yalipobadilika, karatasi ikawa na nguvu kuliko kumbukumbu. Jasho halikuandikwa popote.

Matokeo yake tunayaona hadi leo. Mara kadhaa mamlaka za mpira zimevifungia viwanja vya mikoani kwa sababu sehemu ya kuchezea imechakaa au vyumba havifai. Ndipo huzuka mabishano yaleyale: je, ni haki fedha za walipa kodi wote zikakarabati mali ya chama kimoja? Anayesema ndiyo ana hoja, kwa kuwa watoto wa wote huchezea pale. Anayesema hapana naye ana hoja. Mabishano hayo hayataisha, kwa sababu kosa lilifanyika mwanzoni kabisa, kabla ya tofali la kwanza.

2. Timu iliyong'olewa

Sasa tutoke kwenye viwanja twende kwenye timu, kwa maana uwanja bila timu ni malisho ya mbuzi tu.

Ndugu zetu wa Mbarali, mkoani Mbeya, wanafanana nasi sana. Nao ni watu wa bonde, wakulima wa mpunga, wanaojua maana ya maji kuchelewa na maana ya maji kuzidi. Timu yao waliiita Ihefu, jina la ardhioevu iliyoko katika bonde la Usangu. Timu hiyo ilipanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2020/21, ikashuka, ikapanda tena kwa msimu wa 2022/23. Tarehe 29 Novemba 2022, katika uwanja wa Highland Estates huko Mbarali, ilifanya jambo ambalo nchi nzima ilikuwa imeshindwa kulifanya: iliifunga Yanga mabao 2 kwa 1, ikaikatisha safari ya mechi 49 za ligi bila kufungwa. Mwezi Oktoba 2023, kwenye uwanja uleule, ikaifunga Yanga tena kwa mabao yaleyale. Fikirini maana yake kwa kijana wa Mbarali. Wakubwa kutoka Dar es Salaam walikuja hadi kwake, kwenye vumbi lake, wakarudi mikono mitupu.

Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 2024, msimu ukiwa bado unaendelea, Ihefu ilihamishiwa Singida, mkoa mwingine kabisa katikati ya nchi. Msimu uliofuata hata jina liliondoka. Timu ikaitwa Singida Black Stars. Wachezaji waliendelea kulipwa, ratiba iliendelea, msimamo wa ligi ulikuwa na timu 16 kama kawaida. Katika hesabu za mpira hakuna kilichopungua. Kilichopungua ni Mbarali.

Msiwalaumu watu wa Singida, kwa kuwa nao walikuwa wameonja kikombe hichohicho. Timu yao ya Singida United ilirudi Ligi Kuu 2017 na kushuka 2020. Mwaka 2022 timu iliyokuwa ikiitwa DTB ilipanda daraja na kubadilishwa jina kuwa Singida Big Stars. Mwaka 2023 ikaitwa Singida Fountain Gate. Mwaka 2024 ikaondoka Singida, na baadaye ikaweka makao Babati, mkoani Manyara, ikiitwa Fountain Gate. Ndipo Ihefu ikaletwa kujaza nafasi. Kwa hiyo mji uliopoteza timu ulipata timu ya mji mwingine, na mji wa pili ukabaki na uwanja na kumbukumbu.

Mchezo huu si wetu peke yetu. Marekani wameujua kwa muda mrefu zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Machi 1984, timu ya mpira wa Kimarekani iitwayo Colts ilipakiwa kwenye malori katika mji wa Baltimore na kupelekwa Indianapolis. Wenyeji walipoamka, timu haipo. Baltimore ikalia kwa miaka kumi na zaidi. Kisha nayo, mwaka 1996, ikajipatia timu kwa kuichukua ya mji wa Cleveland, ikiahidi kuijengea uwanja kwa fedha za umma. Aliyeonewa akageuka mwoneaji, kwa sababu kanuni ya mchezo wenyewe ni kwamba mji mmoja ukipata, mwingine ukose. Wenye timu wanafahamu hivyo, nao huiambia miji: tujengeeni, la sivyo tunahama. Hofu ya kunyang'anywa ndiyo inayofungua hazina za miji.

Hata hivyo watu wa Cleveland walifanya jambo moja la kukumbukwa. Walipigania, na wakafaulu, kwamba mwenye timu achukue wachezaji lakini jina, rangi na historia vibaki mjini. Mwaka 1999 timu mpya ilianza ikiwa na jina lilelile la Browns. Walielewa kwamba katika timu kuna vitu viwili: kipo kinachonunuliwa kwa fedha, na kipo ambacho mwenye fedha hakukileta wala hana haki ya kuondoka nacho. Ihefu hawakupata hata hicho.

Sisemi kwamba sheria yoyote ilivunjwa kati ya Mbarali na Singida. Nasema kwamba sheria haikuwa na nafasi kwa watu wa Mbarali. Walioimba jukwaani kwa misimu yote ile, waliolipa viingilio kutoka kwenye magunia yao ya mpunga, mama lishe na madereva wa bodaboda waliopata riziki siku ya mechi, hawakuwa na kiti mezani ulipofanyika uamuzi. Mnaijua habari ya shamba la Nabothi katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Mfalme Ahabu alitoa bei nzuri, hata akaahidi shamba bora zaidi. Alichoshindwa kukielewa ni kwamba urithi wa mababa haupimwi kwa bei.

3. Hesabu ya uwanja mkubwa

Tuje kwenye fedha. Mwezi Machi 2024 Serikali ilisaini mkataba wa kujenga uwanja mpya mjini Arusha, wenye uwezo wa kuchukua watazamaji wapatao 30,000, kwa gharama ya takriban Sh. bilioni 286. Majirani zetu Kenya waliamua kujenga uwanja wa Talanta mjini Nairobi wa watazamaji 60,000, na wakatafuta fedha, karibu Sh. za Kenya bilioni 45, kwa hatifungani ya miaka 15. Maana yake ni kwamba mtoto atakayezaliwa Kenya mwaka wa mashindano atakuwa shule ya sekondari deni likiwa bado linalipwa.

Nisieleweke vibaya. Sisemi uwanja wa Arusha usijengwe. Taifa lina haki ya kuwa na mahali pa fahari, na hata Hekalu la Sulemani halikujengwa kwa miti ya bei rahisi. Nataka tu hesabu iwekwe mezani, mbele ya wenye fedha. Mwaka 2021, katika mpango wa fedha za UVIKO-19, Serikali ilijenga vyumba vya madarasa 15,000 kwa Sh. milioni 20 kila kimoja. Kwa kipimo hicho Sh. bilioni 286 ni vyumba 14,300. Anayependekeza uwanja anapaswa kuweza kusimama mbele ya mzazi ambaye mwanawe anasomea chini ya mti, akamweleza kwa nini. Pengine maelezo mazuri yapo. Basi na yatolewe.

Maelezo tunayopewa mara nyingi ni kwamba uwanja unaleta uchumi: hoteli zitajaa, vijana watapata ajira, biashara zitachangamka. Wachumi wa Marekani wamelichunguza dai hili kwa miongo kadhaa, na wengi wao wamekubaliana kwamba uwanja uliojengwa kwa fedha za umma kwa ajili ya timu ya kulipwa haurudishi gharama yake kwa wenyeji. Sababu zake si ngumu, hata sisi tunaweza kuziona kwa macho yetu. Kwanza, fedha anayotumia mtu uwanjani ni fedha ambayo hakuitumia sokoni au dukani. Imehama mfuko tu, haikuongezeka. Pili, sehemu kubwa ya faida huenda kwa mwenye timu na wachezaji, ambao mara nyingi hawaishi pale. Tatu, siku zenyewe ni chache. Katika Ligi Kuu yetu yenye timu 16, kila timu inacheza nyumbani mara 15 kwa msimu. Muuza mihogo na maji hawezi kulisha watoto siku 365 kwa biashara ya siku 15.

Hesabu hiyohiyo yatupasa kuifanya kwa timu zinazomilikiwa na halmashauri. Mbeya City ilianzishwa na Halmashauri ya Jiji la Mbeya mwaka 2011. KMC ni ya Manispaa ya Kinondoni, na Dodoma Jiji ni ya Jiji la Dodoma. Nasifu jambo moja katika timu hizi: haziwezi kufungwa kwenye lori na kupelekwa mkoa mwingine, kwa kuwa mwenye nazo ni mji wenyewe. Lakini hapo ndipo wajibu wa diwani unapokuwa mkubwa zaidi. Mshahara wa mshambuliaji ukitoka katika mapato ya ndani ya halmashauri, yaani katika ushuru wa muuza nyanya na leseni ya fundi baiskeli, basi muuza nyanya na fundi baiskeli wana haki ya kusomewa mapato na matumizi ya timu, kama wanavyosomewa ya zahanati.

Halafu kuna gharama ambayo haitajwi siku ya kukata utepe, nayo ni matunzo. Uwanja wetu mkubwa wa Taifa ulifunguliwa 2007, una viti 60,000, nao umebeba jina la Hayati Benjamin Mkapa tangu 2020. Ni uwanja wa Serikali, si wa chama, na tunajivunia. Lakini tarehe 25 Mei 2025, Simba walipofika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, mechi ya nyumbani dhidi ya RS Berkane ya Morocco iliwabidi kuichezea uwanja wa Amaan, Zanzibar, kwa sababu sehemu ya kuchezea ya uwanja wa Mkapa haikukubaliwa. Kujenga ni sherehe ya siku moja. Kutunza ni kazi ya kila asubuhi, na hakuna anayepigiwa ngoma kwa kumwagilia nyasi.

4. Wanaopinga wanasema nini

Haki inadai tuwasikilize wenye mawazo tofauti.

Wapo wanaosema: mpira wa kisasa unahitaji mitaji, na mwenye mtaji lazima awe huru. Mfanyabiashara anayelipa mishahara ya milioni nyingi kila mwezi hawezi kulazimishwa kubaki mahali pasipo na watazamaji wala hoteli. Hoja hii ina uzito. Bila watu wa namna hiyo timu nyingi zisingekuwapo, na mfano wa Azam, waliojijengea uwanja wao wenyewe Chamazi na kuwa mabingwa msimu wa 2013/14, unaonyesha kwamba mwenye fedha anaweza kuheshimu mchezo bila kugusa hazina ya umma. Anayejenga kwa fedha yake, ardhi yake na jina lake ana uhuru mpana. Lakini anayepokea timu iliyokwisha kulelewa na wilaya, au anayetumia uwanja uliojengwa kwa kodi na michango, amepokea kitu cha watu, na uhuru wake una mpaka.

Wapo pia wanaosema kwamba timu za wananchi hazidumu, kwamba kitu cha wote ni kitu kisicho na mwenyewe. Hawa nawaonyesha mji wa Green Bay, Marekani, wenye wakazi wapatao 100,000 tu. Tangu 1923 timu yake ya Packers imemilikiwa na wanahisa wa kawaida. Hisa hazileti gawio, wala haziuzwi kwa faida. Ndiyo sababu mji huo mdogo umebaki na timu yake huku miji mikubwa mara kumi ikipoteza za kwake. Na Uingereza, timu ya Wimbledon iliporuhusiwa kuhamia Milton Keynes mwaka 2002, mashabiki walianzisha timu yao upya mwaka uleule kutoka madaraja ya chini kabisa. Mwaka 2020 walirudi kucheza Plough Lane, mtaa wa baba zao, katika uwanja mpya. Kitu cha wote kinaweza kudumu, mradi kimeandikwa na kusimamiwa.

Kanisa lina neno la kale kwa jambo hili. Papa Pio XI, katika waraka wake wa 1931, Quadragesimo Anno, alifundisha kanuni ya auni: kwamba jambo linaloweza kufanywa vema na jumuiya ndogo lisinyakuliwe na kubwa, na kwamba kubwa iko kwa ajili ya kuisaidia ndogo. Kwa mpira maana yake ni rahisi. Uwanja wa kijiji uje kwanza, uwanja wa mashindano ya mataifa ufuate. Tumezoea kuanza na paa, kisha tunashangaa kuta hazipo.

5. Na sisi wa bondeni?

Mtasema: Padre, haya ya Arusha na Singida yako mbali; sisi Mchombe hatuna timu ya Ligi Kuu wala uwanja wenye majukwaa. Ni kweli. Katika mkoa wetu, Mseto walitwaa ubingwa wa nchi 1975, na Mtibwa Sugar wakautwaa mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Lakini hiyo ni Morogoro mjini na Turiani; sisi tuliisikia redioni. Hata hivyo swali la hati liko nasi papa hapa.

Katika miaka ya karibuni, wilaya za Kilombero, Ulanga na Malinyi zilipitiwa na mpango mkubwa wa kupima ardhi ya vijiji na kuwapa wananchi hatimiliki za kimila. Familia nyingi sasa zina karatasi ya shamba lao. Ni jambo jema sana. Lakini tukumbuke kwamba mpaka wa shamba la mtu ukishaandikwa, kisichoandikwa ndicho kinachobaki bila mlinzi. Uwanja wa mpira wa kijiji, ambao babu aliuonyesha kwa fimbo kutoka mwembe hadi mfereji, usipokuwa kwenye ramani utaliwa tuta kwa tuta. Mwaka huu jaruba moja, mwaka kesho kibanda, mwaka wa tatu nguzo za goli zimekuwa kuni. Katika bonde ambalo kila ekari ya mpunga inatafutwa na mwenyeji, mgeni na mwekezaji, uwanja mtupu ni kishawishi.

Sheria iko upande wetu, kama tukitaka kuitumia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inatambua ardhi ya jumuiya, ambayo haiwezi kugawiwa mtu binafsi, nayo inaitaka halmashauri ya kijiji kutunza rejesta ya ardhi hiyo. Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio wenye kauli juu ya ugawaji wa ardhi ya kijiji. Na Katiba yetu, ibara ya 27, inampa kila mtu wajibu wa kulinda mali inayomilikiwa kwa pamoja na wananchi. Haisemi kila kiongozi. Inasema kila mtu.

Kwa hiyo naomba viongozi wa walei, hasa wenye nafasi katika serikali za vijiji, wafanye mambo manne.

La kwanza, ulizeni katika mkutano mkuu ujao kama uwanja wa kijiji na viwanja vya shule vimepimwa na kuingizwa katika rejesta ya ardhi ya jumuiya. Kama havijaingizwa, azimio liandikwe kwenye muhtasari, na tarehe ya utekelezaji itajwe.

La pili, kila mchango wa maendeleo unapoitishwa, uwe wa uwanja, wa darasa au wa kisima, uliza kwa upole kabla ya kutoa: kitakachojengwa kitaandikwa jina la nani? Swali hili si uasi wala ukorofi. Wazee wetu wangeliuliza miaka ile, tusingekuwa na mabishano ya leo. Na sisi wa Kanisa tusijitoe. Uwanja uliosafishwa na kijiji kizima kando ya parokia, makubaliano yake yawe kwenye maandishi pia.

La tatu, timu za vijiji vyetu ziwe na katiba fupi, daftari la wanachama na mhasibu anayesoma hesabu hadharani. Atakapokuja mfadhili, na aje, tunamkaribisha kwa mikono miwili. Lakini iandikwe kwamba jina la timu na makao yake havibadilishwi bila kura ya wanachama. Mfadhili mwema hataogopa karatasi hiyo.

La nne, wabunge na madiwani wanapokuja kuomba kura na jezi mkononi, tuwaulize habari za viwanja vya shule, na za wasichana wasio na mahali pa kucheza. Jezi huchanika kabla ya uchaguzi unaofuata.

Wapendwa, tutashangilia pamoja na nchi nzima Taifa Stars ikicheza nyumbani, nami nitashangilia. Lakini tupende mpira kama wenye mali wanavyopenda mali yao, kwa kuutunza na kuuliza habari zake. Vijana wetu wanaocheza peku jioni kwenye udongo mweusi wa Kilombero ndio wenye mpira huu, na ardhi wanayochezea wanastahili kuikuta imeandikwa kwa jina la kijiji chao.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo

1. Je, uwanja wa michezo wa kijiji chetu una mipaka inayojulikana na kuandikwa? Nani anayeitunza?

2. Tumechangia miradi gani katika miaka kumi iliyopita? Je, tunajua mali hiyo imeandikwa jina la nani?

3. Mkutano Mkuu wa Kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu kama ilivyotakiwa? Je, sisi Wakristo huhudhuria na kusomewa mapato na matumizi?

4. Soma habari ya shamba la Nabothi (1 Fal 21). Katika mazingira yetu, nani yuko katika nafasi ya Nabothi, na nani katika nafasi ya Ahabu? Na wale wazee wa mji, ni akina nani?